Duara la Mawe Dodoma

Zamani za Wadachi, katika gari la moshi kutoka Gulwe, nilikaa nyuma ya Mwajabu, muuza asali wa Kolo, na mzee wa Kigogo aitwaye Ndahani. Vumbi jekundu lilielea juani, na nusu yetu tulikuwa tunasinzia.

"Babu, pale njia panda ya Dodoma wameweka duara la mawe," Mwajabu alisema. "Usikatize katikati. Wasubiri waliomo wapite, kisha uzunguke mpaka njia yako, utoke."

"Mimi huzunguka tu, mjukuu wangu. Sitoki mpaka jua liwe kali."

"Na mikokoteni ya watu ikungoje wewe?"

"Pale palikuwa zizi langu. Mke wangu Loisi amelala kaburini pale katikati. Kuingia nimekatazwa. Kuzunguka sijakatazwa."

Mwajabu alitazama nje, mbuga zikipita taratibu.

"Lakini askari watakuchapa, babu," akasema.

"Huenda. Wewe ungempita marehemu wako tu?"

Gari likapiga kipenga, likasimama Dodoma. Mwajabu alijitwika asali yake, akamnyooshea mzee mkono.

"Basi tutazunguka mara moja tu."

Mzee aliushika mkono ule, wakashuka. Hakuahidi kitu.