Mama Nnko Anauacha Mtambo Ukinguruma

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Anyesi Nnko, Mkemia Mkuu wa Kitengo cha Madini Adimu, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika maabara yetu hapa Olasiti, Arusha. Sisi tuliofanya naye kazi tumeipokea habari hii kwa furaha ya kujilazimisha.

Mama Nnko alizaliwa Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na aliajiriwa kupima dhahabu ya wachimbaji wadogo. Ukali alikuja nao. Aliyeingia maabara na chapati mkononi alirudishwa getini akaimalizie huko, awe mhasibu au mkurugenzi. Wakurugenzi watatu wamekwisha kuila getini.

Miaka ya karibuni alijitwika mzigo mpya: madini adimu, yale yanayotengeneza sumaku za magari ya umeme. Mawe yenye madini hayo yalikuwa yakisafirishwa nje yakiwa ghafi. Mama Nnko aliiambia bodi kwamba yanaweza kusafishwa hapa hapa Arusha. Bodi ikampa mtambo wa majaribio kwa sharti moja: usipofanikiwa kufikia Desemba ya mwaka juzi unafungwa, na mawe yanaendelea kupanda meli.

Mtambo ukatuaibisha. Kwenye chupa za maabara, tulikotumia maji safi kama yale ya betri, mavuno yalikuwa mazuri. Kwenye mtambo, mawe yaleyale yalisagwa, yakachemshwa na tindikali, yakasuuzwa kwa maji mengi ya kisima, na karibu nusu ya madini ikapotea. Mama alilaumu mawe, akalaumu tindikali, kisha akamgeukia fundi wetu Hans Mosha, ambaye alijibu kwa heshima zote kwamba hata yeye hajayala hayo madini. Wengine tulishaanza kuulizana nani ana ndugu kwenye migodi ya Geita.

Novemba, vuli ikiwa imekolea, pampu ya kisima iliungua. Ili kazi isilale, Hans aliunganisha mtambo na tangi la maji ya mvua. Wiki hiyo mavuno yakapanda ghafla. Tulishangilia, soda zikaagizwa. Mama Nnko alikasirika. Alisema yeye haamini matokeo mazuri yasiyo na sababu, na akatuamuru turudie kazi yote kabla ya kufungua soda hata moja. Tukarudia. Yakatoka yaleyale.

Ndipo alipokaa juu ya ndoo na kucheka mpaka tukaingiwa na hofu. Maji ya visima vya huku yana floraidi nyingi. Kila Mmeru anajua, meno yetu ya kahawia ni ushahidi. Nyumbani kwake hakuna anayekunywa ila maji ya mvua. Mawe ya watu, lakini, aliyanywesha kisima miezi yote ile, na floraidi ikawa inayakamata madini na kuyashusha chini kama unga, nasi tukiyamwaga pamoja na taka.

Mbele ya bodi angeweza kusingizia mawe na hakuna ambaye angembishia. Alisema kosa ni lake, tena la aibu kwa mtoto wa Meru, akaomba chujio la maji na miezi michache. Mwenyekiti, Bwana Koikai Laizer, alikuja akiwa tayari kuufunga mtambo. Badala yake akasema ni afadhali kumwamini mtu anayejua amekosea wapi. Mtambo ukapona.

Mwezi uliopita shehena ya kwanza ya madini adimu yaliyosafishwa Arusha ilitoka getini. Tulimwita Mama aje tupige picha, akasema ana kazi nyingi na lori linaijua njia. Naserian wa mapokezi alipompelekea chai alimkuta dirishani, ameshika pazia, analia.

Julai mosi tutauwasha mtambo bila yeye. Tunaogopa, tusidanganyane. Mama, asante kwa ukali wako, na asante zaidi kwa siku ile mbele ya bodi. Ajira zetu zimesimama juu yake. Nenda ukapumzike na migomba yako Akheri. Tunakuombea afya, wajukuu wenye adabu na siku nyingi za amani.

Na simu, tafadhali, usizime.