Ukuta wa Bafu la Tshibangu

Alikuwapo Tshibangu Henri, mstaafu wa reli, aliyeitwa Semafori, kama ule mkono wa ishara wa reli, kwa sababu mkono wake wa kulia hunyanyuka kila anapobisha. Alikuwapo Lukusa Bruno, aliyekuwa karani wa jimbo. Alikuwapo Zéphirin, fundi wa kujenga, ambaye jina la baba yake sikupata kulijua. Alikuwapo Rehema, mwenye kahawa na mwenye benchi. Na mimi. Ilikuwa asubuhi, mtaa wa Kasuku mjini Kindu, kando ya barabara inayoshuka stesheni.

Habari ilikuwa ukuta unaotenga bafu la Tshibangu na chumba chake cha kulala. Upande wa bafu ulikuwa na karo nyeupe, vile vigae vya ukutani, zilizokuja na ndege kutoka Goma, za kwanza katika barabara yetu. Zéphirin ndiye aliyezibandika. Upande wa chumba ulitoa maji, na sasa ulikuwa umefura. Albertine, mke wa Tshibangu, alikuwa amehamia chumba cha watoto akiogopa utaanguka. Tshibangu alibaki kulala pale peke yake.

— Bibi amekukimbia juu ya maji, Semafori, alisema Lukusa. Wenzako wanakimbiwa juu ya bibi wa pili!

— Hajakimbia. Iko chumba ya pili.

— Njo kusema amekimbia pole pole, alisema Lukusa, kwa ile «njo» yetu iliyo «ndiyo» ya wengine.

— Mi niliweka mukono pale, alisema Rehema. Baridi kama samaki.

— Njo Lualaba, alisema Zéphirin. Inapita chini ya hii muji yote, inapanda ndani ya fondasio, ndani ya musingi.

— Mto inapanda mulima kutafuta bafu ya Semafori? aliuliza Lukusa. Hapana. Njo treni. Ikipita, ukuta inatetemeka, inafunguka matundu.

Mkono wa Tshibangu ukanyanyuka.

— Treni gani? Ya mwisho uliisikia lini?

— Basi njo ile isiyokuja! Ukuta ilizoea kutetemeka. Sasa inakaa bure, inatoa jasho kama mwanaume asiye na kazi.

Zéphirin alingoja kicheko kiishe.

— Tuseme kweli. Ile karo ilipita na ndege ndani ya mawingu. Ilikunywa maji kule juu. Sasa njo inaitapika.

— Karo yangu haina kosa, alisema Tshibangu. Karo ni kama sahani. Sahani inavuja?

— Sahani haina mistari katikati ya kupitisha maji, papa, alisema Rehema.

Tshibangu alimpa kikombe aongeze kahawa.

— Ile ukuta ilisimama vita yote, aliendelea Tshibangu. Bomu ilipita juu yake. Njo itaangushwa na ndoo ya kuoga?

Hapo alisema kweli. Aliujenga mwaka 1999, wakati treni ya kutoka Katanga ilikuwa imekatika na simenti haikuonekana Kindu. Aliujenga kwa matofali mabichi ya udongo, akaufunika kwa ngozi nyembamba ya simenti. Wengi wetu tulijenga hivyo. Siku zile watu walioga uani, na ukuta ule haukujua maji mpaka Tshibangu alipozeeka akaliingiza bafu ndani.

Alikuja Anne, mdogo wake Albertine, aliyefika juzi kutoka Punia.

— Jambo yenu, bazee. Shemeji, yaya Albertine anasema leo usilale tena kule.

— Mwambie nakunywa kahawa.

Anne hakuondoka.

— Shemeji, mbele ya kubandika karo, mulipakaa ile ukuta nini?

— Kupakaa?

— Kitu ya kuzuia maji. Kwa bamasista kule Punia walipakaa dawa nyeusi, mpaka ndani ya pembe. Ikakauka, wakapakaa tena, njo wakaleta karo.

Tshibangu alimtazama Zéphirin. Zéphirin alitazama ndani ya kikombe chake. Lukusa aliomba sukari.

— Tuibandue karo, shemeji, alisema Anne. Ile ukuta imekwisha kulowa.

— Nikiibandua, itavunjika yote.

— Ni karo tu.

— Karo hii, muji nzima inakuja kuiangalia.

Alimaliza kahawa yake, akatuaga kila mmoja kwa jina, akaenda kuoga. Usiku alilala chumbani mwake, na siku zilizofuata vivyo hivyo.

Ukuta ulianguka Jumapili alfajiri, upande wa kitanda. Tshibangu Henri amekufa.