Fundi Yai na Uso Uliomezwa na Mwanga

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Fundi Yai. Alituaga Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Kwa miaka ishirini na sita alikaa mbele ya kompyuta akirekebisha picha za zamani, zile za nyeusi na nyeupe, ambazo mwanga uliziharibu. Narudia: hakuwa mpiga picha. Alikuwa mtu wa kusuluhisha ugomvi kati ya mwanga na kivuli.

Tuanzie mlangoni kwake. Asubuhi moja ya mvua, duka likiwa ndiyo kwanza linafunguliwa, aliingia bibi mmoja asiyemjua. Alimkuta fundi ameinamia yai la kuchemsha, limemenywa, limesimamishwa juu ya kifuniko cha chupa chini ya taa ya mezani.

"Samahani, baba, nimekukatiza chai?"

"Hapana, mama. Huu ni uso."

Hakuwa akitania. Paji la uso ni duara kama yai, na fundi alilizungusha yai lake ili aone mwanga unavyopungua taratibu kuelekea gizani. Ndipo aliposhika kipanya cha kompyuta. Binti yake ametuambia, "Mimi nilikuwa naliiba na kulila. Baba akirudi anauliza, 'Nani amekula jua langu?'"

Bibi akatoa picha kutoka katikati ya daftari la shule. Wasichana wawili wa miaka kumi na saba, magauni sare, wamesimama kando ya ukuta. Wa kushoto ungeweza kuhesabu kope zake. Wa kulia hakuwa na macho wala mdomo. Jua lilikuwa limempiga usoni, likamwacha mweupe kama sahani.

"Huyo wa sahani ndiye mimi," bibi akasema.

Walikuwa mapacha, na hiyo ndiyo picha pekee ya usichana wake. Wajukuu walimwambia ni kazi ya dakika tano: chukua uso wa pacha, bandika, kwisha. Bibi hakutaka kusikia.

"Mwanangu, maisha yangu yote naitwa kwa jina la mwenzangu. Hata mume wangu, siku ya kwanza kuja nyumbani, alimsalimia yeye! Usiniazime uso wake. Na ukinipata mimi, usimwonyeshe mtu. Wakiniona tu wataanza, nani mzuri, nani kamzidi nani. Nimechoka kulinganishwa."

"Nakuahidi, mama. Yote mawili."

Wasikilizaji wapendwa, ahadi ni nyepesi kabla ya kazi.

Fundi alijaribu kompyuta siku mbili. Alipunguza mwanga, weupe ukawa kijivu, lakini uso haukutokea. Alikuwa na msemo wake: "Giza ni mtunza siri, mwanga mkali ni mwizi." Kwenye giza la picha mara nyingi kuna kitu kimejificha. Kwenye weupe uliopitiliza, karatasi imebaki tupu. Ilibidi atafute negativu, yaani ule ukanda wa filamu ambamo nyeupe huonekana nyeusi. Humo, uso uliochomwa na jua ungekuwa giza. Na giza, alishasema, hutunza siri.

Mpiga picha wa zamani alikuwa amekwisha kufa. Mwanawe alikuwa kinyozi, na negativu za baba yake zilijaa kwenye kopo kubwa la biskuti alilolikalia akisubiri wateja. "Tafuta tu," akasema, "ila kiti hiki cha wateja hakikaliwi bure na asiyenyolewa." Fundi alitafuta siku tatu, akanyolewa mara tatu. Alirudi nyumbani kichwa kinang'aa. Mkewe akamtazama, akasema, "Sasa wewe ndiye wa kupunguzwa mwanga."

Lakini mkononi alikuwa na negativu.

Aliiweka juu ya taa kali na kuipiga picha mara tisa, kila mara akiongeza nguvu ya taa, kisha akaziunganisha zote kwenye kompyuta. Akalainisha shavu. Akatazama yai. Akarudisha kivuli kidogo chini ya kidevu. Siku ya nne ya kazi hiyo, binti yake alimsikia akicheka peke yake.

"Baba, vipi?"

"Funga mlango, mwanangu. Nina mgeni."

Bibi alipokuja kuichukua, waliachwa wawili tu. Nje ya mlango, binti alisikia sauti ya bibi: "Haya! Kumbe nilikuwepo."

Mwezi uliofuata ikaja barua ambayo fundi aliisubiri miaka mingi. Kulikuwa na maonyesho ya mafundi wa picha, na alitakiwa alete kazi yake bora kabisa, kabla na baada, ubavu kwa ubavu. Zawadi ilikuwa skrini kubwa inayoonyesha kila aina ya kijivu. Skrini yake yeye ilikuwa na mstari mweusi pembeni, na kila picha aliisogeza kuukwepa.

"Peleka ya bibi," binti akamsihi. "Hatajua!"

"Mimi nitajua. Na yai nalo litajua."

Akapeleka picha ya mbwa aliyelala kwenye ngazi, ambaye kivuli kilimfanya aonekane gunia la mkaa. Majaji walisema mbwa ni mzuri. Fundi alirudi na cheti cha ushiriki, akakitundika juu ya birika, kikajikunja kwa mvuke. Mstari mweusi akaendelea kuukwepa hadi siku yake ya mwisho ya kazi.

Kwa mke wake, binti yake na wote waliowahi kupokea sura za wapendwa wao kutoka mikononi mwake, tunawapa pole. Mungu awape subira. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mtazameni mtu mmoja wa nyumbani kwenu peke yake, bila kumpima kwa mwingine. Mwiteni kwa jina lake.

Bibi yule alifika msibani. Ametuambia, "Simulieni. Kuonyesha, hapana."

Na hata tungetaka, tusingeweza. Tulipomwomba binti atutafutie kazi bora ya baba yake, aliwasha ile kompyuta. Akakuta faili la mbwa. Akakuta mamia ya maharusi, wanafunzi na watoto wachanga. Kisha akakuta folda yenye jina "Mgeni wangu". Akaifungua.

Ndani hamkuwa na kitu. Tarehe ya folda ilionyesha kwamba fundi alikuwa ameifuta picha siku ileile bibi alipoichukua, mwezi mzima kabla ya barua ya maonyesho kufika.