Nitafia Ndani ya Nyumba Hii

Hiyo ngozi iweke chini, Lerionka. Najua wazee wa ukoo wamekutuma unibebe nikafie porini, nyumba isinajisike, lakini mimi mama yako sitoki. Kaa hapa kitandani, na wewe Nashipae binti yangu sogea, mnisikilize wanangu nikiwa bado na sauti.

Mlikuwa watu wazima mwaka ule wa ndui, Wadachi walipowakusanya wanaume wa hapa kwetu Elerai kuchimba barabara, nao wakarudi na ugonjwa. Ulinishika na mimi, na nilipokaa siku mbili bila kusema, baba yenu Lemburis alinishika mabega, wewe Lerionka ukanishika miguu, mkanilaza vichakani, mkanipaka mafuta, mkanivisha viatu vipya, mkaondoka bila kugeuka nyuma. Sikuwa nimekufa. Nilizisikia hatua zenu. Usiinamishe uso, mwanangu. Ndivyo tulivyofundishwa wote, na mama yangu mzazi nilimtoa vivyo hivyo.

Asubuhi yake alipita Magdalena, yule mama wa Kimeru aliyekuwa akisali misheni, akikata majani ya ng'ombe, akaona kope zangu zinacheza. Alinibeba mgongoni mpaka kwake, akaninywesha maziwa, akaniosha usaha kwa mikono yake. Nikamwuliza, "Huogopi kufa?" Akasema, "Naogopa sana, dada. Lakini mwili huu Mungu atauinua, nitawaachiaje fisi?" Nikamwambia mimi si Mkristo. Akacheka: "Basi nikuoshe nusu?"

Nilipopona nikarudi, nanyi mkakimbia, Nashipae ukipiga kelele kwamba mzimu umekuja. Humu ndani nilimkuta baba yenu peke yake, ndui imemjaa, hana wa kumpa maji. Msidhani nilimhurumia. Nilisimama pale mlangoni nikafurahi, nawaambia kweli, nikafurahi mpaka nikatosheka. Kisha nikamkumbuka Magdalena, nikaenda kuchota maji. Nilimwosha siku sita. Aliniuliza, "Umerudi kunilipiza?" Nikamjibu, "Nimerudi, basi." Alifia mikononi mwangu, nikamchimbia kaburi peke yangu kule migombani, na wazee wakasema nyumba hii itawamaliza watoto wake wote. Haya, jihesabuni.

Mwalimu Efraimu wa misheni alinifundisha habari za siku ya mwisho na tarumbeta yake, nami nazisadiki. Lakini ufufuo niliouishi mimi haukungoja tarumbeta. Ulikuwa kuamka, kukamua, kwenda kwa mgonjwa ambaye ndugu zake wamemkimbia, kumsalimu jirani aliyenitemea mate mtoni na kumsalimu tena kesho yake. Mtu akishaamini kwamba kaburi halitamshika, atamwogopa nani? Baadaye askari waliponichapa viboko niseme ulikojificha, Lerionka, ulipotoroka kazi ya barabara, sikusema. Mgongo huu nao utafufuka na makovu yake, waje wayatazame vizuri.

Sasa shikeni ninayoyasema. Ng'ombe mwekundu na ndama wake ni wa Tabitha, binti wa Magdalena, na ukoo usifungue mdomo. Migomba ni ya Nashipae, maana ni mjane na ndiye aliyeipalilia. Wewe Lerionka una mifugo ya baba yako, inakutosha, na atakayemhamisha dada yako atanijibu mimi siku ile, uso kwa uso.

Nikifa msitawanyike. Lerionka, utaniosha wewe, na maji yawe ya vuguvugu. Nizikeni kando ya baba yenu. Tukiamka tuna maneno yetu ya kumalizia. Halafu mrudi humu humu, muwashe moto, mpike, mlale, mcheke. Asiwahamishe mtu.

Nashipae... maji. Kidogo tu. Inatosha.

Mungu aliyenirudisha... awape mikono isiyomkimbia mtu. Awape usingizi mzuri. Watoto wenu wawazike ninyi, msiwazike wao. Nawabariki wote wawili, hata wewe unayelia... lia tu, mwanangu, si vibaya.

Wazee bado wako nje? Nasikia fimbo zao. Fungua mlango, Lerionka... ufungue wote. Waambie mama yako Sinyati hatoki. Wakitaka kuniaga... waingie ndani.