Sauti za Juu Zilitangulia

Mbinga, mwezi wa kuchuma kahawa, baridi haitoki mjini mpaka jua lipande sawasawa. Wanaojua raha huenda kuota jua kwenye benchi la nje ya kibanda cha Hamphrey, fundi redio, nyuma ya soko. Pembeni yake Kunigunda huweka birika juu ya jiko la mkaa, anauza kahawa chungu na kashata, na kila anayekaa pale ana jina ambalo mama yake hakumpa. Baltazar, dalali wa mahindi, anaitwa Bunge, kwa sababu hoja yake haifungwi. Placidi, anayetibu kuku na mbwa wa watu, ni Profesa. Hamphrey mwenyewe, aliyepanda milima hii kutoka Lipingo, ziwani, akiwa na bisibisi moja mfukoni, wanamwita Radi, kwa sababu ya muziki wake.

Jumanne hiyo habari ilikuwa moja tu. Mwalimu Othmar, mpiga kinanda wa parokia, alikuwa ameharibu misa ya ndoa ya Jumapili.

— Kwaya imemaliza, alisema Baltazar, — watu wamekaa, padri kafungua mdomo, na yeye anapiga tu! Ubeti mzima, peke yake. Bibi harusi akageuka kuangalia nyuma.

— Na wimbo wa sadaka alituanzishia juu mno, alisema Kunigunda. — Mimi naimba sauti ya kwanza, nilidhani koo linachanika. Padri kamwambia apumzike kidogo.

— Panya, alisema Placidi. — Wameingia ndani ya kinanda, wanakula waya.

— Panya gani anasubiri siku ya ndoa? Huyo katumwa na mtu, Profesa. Kuna parokia zinakitamani kinanda chetu tangu kije.

— Basi nikuambie ukweli, Bunge, ila Radi asikasirike. Ni muziki wake. Kichwa cha binadamu kina njia moja ya sauti. Huwezi kupitisha humo misa za Kilatini halafu upitishe na yale makelele. Nilitibu kuku mmoja anayelala karibu na mashine ya kumenya kahawa. Alikuwa anataga mayai hayana kiini.

— Mwongo!

— Nakuapia. Na mashine walivyoihamisha, kiini kikarudi.

Watu wakacheka. Hamphrey hakucheka. Alikuwa ameinamia redio ya mama mmoja aliyetoka Mbaha, jina lake Siwema, aliyekaa mwisho wa benchi akisubiri kifaa chake ili awahi gari la kurudi ziwani. Bisibisi ilikuwa mkononi lakini haikuwa inafungua kitu.

Yeye na Othmar walianza urafiki kwa ugomvi. Othmar alileta kaseti iliyokwama, ya fidla na vinanda vya Wazungu wa zamani, akakuta kibandani kunaunguruma bendi moja ya Botswana, vijana wa kofia za wachunga ng'ombe, magitaa kama msumeno. Akauliza kama kuna mtu anaumwa. Hamphrey akamjibu kwamba kaseti yake inafaa kulazia watoto. Wakabishana mpaka jioni. Kesho yake Othmar akarudi na kaseti nyingine, akasema, "Sikiliza hii kwanza ndipo utukane." Tangu hapo ikawa desturi yao: mmoja analeta wake, mwingine analeta wake, hedifoni moja, kila mtu sikio lake. Hamphrey, Mwanglikana wa ziwani, akajikuta anatoa machozi kwa misa ya wafu ambayo hakuelewa neno lake hata moja. Lakini Othmar hakuwahi kuukubali muziki wa Hamphrey. Kila siku alisema kitu kilekile, "Ngoma nzuri. Wimbo uko wapi?"

Mpaka mwaka huu. Kuanzia Kwaresima Othmar alikuwa anakuja na kusema, "Leo acha wangu. Niwekee wako, ule wenye ngoma mbili. Ongeza." Na Hamphrey aliongeza. Alifurahi mno. Alimwambia mkewe nyumbani kwamba hatimaye Mwalimu ameelewa.

— Shikamoo, Mwalimu! alipaza sauti Baltazar.

Othmar alikuwa anakuja kutoka upande wa soko, koti limefungwa mpaka shingoni.

— Salama tu, alijibu, akakaa.

Kunigunda na Placidi wakatazamana. Kunigunda akammiminia kahawa.

— Pole na Jumapili, Mwalimu.

— Ndiyo, bila sukari.

Hamphrey akaweka bisibisi chini. Akachukua simu yake, akatafuta ule wimbo wa Othmar, wa fidla, alioupenda kuliko zote, akamkabidhi hedifoni zote mbili. Othmar akaziweka masikioni, akafumba macho, na vidole vyake vikaanza kuhesabu mapigo gotini, taratibu, kama afanyavyo mbele ya kwaya.

Baltazar akanyoosha mkono kuchukua kashata. Kiwiko kikanasa kwenye waya, ukachomoka. Simu ikaanza kuimba hadharani, fidla nyembamba zikasikika benchi zima. Hamphrey akaizima haraka.

Vidole vya Othmar havikusimama. Viliendelea gotini, vikapunguza mwendo, vikaongeza, na kidevu chake kikainuka kidogo kama vile sauti mpya imeingia.

Siwema akamtazama mzee, akautazama waya unaoning'inia, akauliza bila ubaya wowote:

— Baba anasikiliza nini?

Baltazar akaangalia chini. Kunigunda alikuwa ameshika mdomo kwa kitenge.

Othmar akafumbua macho, akaona nyuso zao. Akaufuata waya kwa vidole mpaka mwisho wake.

— Basi mmejua, alisema.

— Tangu lini, Mwalimu? Hamphrey aliuliza, akarudia kwa sauti kubwa, uso kwa uso.

— Kabla ya Kwaresima. Sauti za juu zilitangulia. Nilidhani wale watoto wa altare wamesahau kengele, nikawagombeza bure. Halafu fidla. Halafu sauti ya kwanza yote, nawaona akina Kunigunda wanafungua midomo tu. Mke wangu Ephrasia akiniita nyumbani, siku nyingine namsikia, siku nyingine namwona amekuja kunishika bega. Nilikwenda Songea. Daktari alinipima vizuri, alinieleza vizuri. Kunaitwa kuzeeka kwa sikio, kwangu kumekimbia. Kuna kifaa cha kuvaa, kitasaidia maneno. Muziki, alisema nisitegemee.

— Kwa hiyo ulipokuwa unaniambia niongeze...

— Nilikuwa nausikia. Wa kwako ulikuwa umebaki. Zile ngoma, yale magitaa ya chini.

Hamphrey akamsogelea, amwone mdomo.

— Mimi nilidhani umeupenda.

Othmar alimtazama sana.

— Sikuupenda. Nilikuwa nakuja kwa sababu ulikuwa muziki, na sikuwa na mwingine. Sasa sijui. Mtu akikulisha kwenye njaa, unaweza kusema humpendi?

Hamphrey aliinuka, akaingia kibandani. Walidhani amekwenda kulia, na kweli alikaa humo kidogo. Alitoka amekumbatia spika kubwa ya mbao, ile anayokodisha kwenye sherehe. Akailaza chali juu ya benchi, akaunganisha waya, akapunguza sauti za juu zote, akafungua besi mpaka mwisho. Akaweka ule wa fidla. Akashika mikono ya Othmar, akailaza juu ya kitambaa cha spika.

Benchi likatetemeka. Vikombe vya Kunigunda vikagongana.

— Hizi fidla kubwa, za chini, alisema Othmar. — Nazipata. Hapa zinatembea. Sasa... sasa fidla ndogo zimeingia?

— Zimeingia.

— Zinasemaje?

Hamphrey alifungua mdomo. Alikuwa ameusikiliza wimbo huo mara zisizohesabika, na hakuwa na neno. Akamgeukia Baltazar, mtu wa maneno yote, na Baltazar akatikisa kichwa. Profesa naye alikuwa amevua kofia, sijui kwa nini, akiishika mapajani.

— Niambie tu, alisema Othmar. — Zinasikikaje?

Hamphrey akachukua mkono mmoja wa mwalimu kutoka kwenye spika, akaubana kifuani pake, chini ya koo. Akaanza kuimba, midomo imefumbwa. Hakuwa mwimbaji. Aliushusha wimbo wa fidla chini kabisa, mpaka mahali ambapo sauti yake ilikuwa inakwaruza, akaufuata polepole, machozi yakimtiririka mbele ya soko zima. Siwema hakukumbuka tena gari.

Othmar alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vilibonyea kifuani kwa Hamphrey, vikatulia, vikabonyea tena.

— Umekosea noti ya nne, alisema. — Rudia.

Hamphrey akarudia.