Neville Urry, Aliyetafuta Njia Kutoka Msituni Hadi Baharini

Ndugu, jamaa na marafiki, na ninyi mliokuja na baiskeli mkaziegemeza ukutani mwa kanisa ingawa Kasisi aliomba zisiegemezwe pale, asanteni kwa kuja. Mimi ni Lorna, binti wa Roland, kaka wa marehemu. Mama mdogo Maureen, mjane wake, ameniomba nisome kwa sababu yeye hawezi. Nami sina hakika kama naweza, kwa hiyo nikikwama nivumilieni. Mengi ya haya yamo kwenye karatasi mliyoshika. Mengine hayamo, maana yametokea asubuhi hii wakati karatasi zimekwisha kuchapishwa.

Marehemu Neville Arthur Urry alizaliwa tarehe 9 Februari 1953 katika shamba la Harsdown, chini ya msitu wa Brighstone, hapa kisiwani Wight. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Arthur na mama Ethel Urry. Upepo ulikuwa umeangusha miti njiani, na mkunga akaletwa kwa trekta. Baba yangu, aliyekuwa na miaka minne, alipoambiwa amepata mdogo wake aliuliza kama atalala zizini na kondoo. Bibi alikuwa akilisimulia hilo kila Krismasi.

Alisoma shule ya msingi hapa Brighstone, kisha sekondari Newport. Vitabu hakuviweza, wala hakujifanya anaviweza. Alikwenda shule kwa baiskeli ya babu yake, na badala ya kushika barabara kama watu wengine alikatiza msituni, akafika ametapakaa matope mpaka masikioni. Siku moja mwalimu alimrudisha nyumbani akanawe. Alikwenda, akanawa vizuri, akarudi kwa njia ileile, akaingia darasani na matope mapya.

Mwaka 1969 alianza kujifunza ufundi wa mabasi Newport, na katika karakana hiyo alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2013. Babu alitaka abaki shambani. Shamba lililohitaji wanaume wawili likabakiwa na mmoja, naye ni baba yangu. Hakulalamika. Watu wa kwetu hawalalamiki, humeza, na likishamezwa hukaa humo tumboni miaka na miaka.

Tarehe 21 Juni 1980 alifunga ndoa na Maureen Tickner wa Portsmouth. Mama mdogo alikuwa amevuka kuja likizo ya siku chache, akapata pancha karibu na feri ya Yarmouth, na fundi akajitokeza bila kuitwa. Baada ya kuziba pancha akamwambia kuna sehemu nzuri ya kutazama bahari, mwendo mfupi tu, na kilima chake ni kidogo. Wengi wenu mmeambiwa maneno hayohayo na mnajua yalivyo ya uongo. Mama mdogo alifika juu akisukuma baiskeli, hana pumzi, akamwambia, "Wewe kaka ni mwongo." Akajibiwa, "Sawa, lakini bahari si umeiona?" Bibi alinung'unika kuhusu mwanamke wa ng'ambo, kama wanavyonung'unika watu wa kisiwa, mpaka alipoonja maandazi yake ya tufaha. Walijaliwa mtoto mmoja, Martin.

Alipostaafu ndipo alipozipata baiskeli za changarawe, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume na matairi yanayostahimili mawe. Wengi mlimjua hapo. Alichora njia tatu. Ya kwanza ilifuata pwani kutoka Yarmouth, mahali ambapo mwamba unamomonyoka kila msimu wa baridi, na kila masika ilimbidi aisogeze tena nchi kavu. Ya pili ilizunguka ndani ya msitu. Ya tatu ilipita juu ya vilima vya nyasi, kwenye chokaa nyeupe ambayo ikilowa hunata magurudumuni kama unga uliokandwa. Kila Jumapili aliwaongoza watu, akiwangoja kwenye kila lango, akihakikisha limefungwa nyuma ya mtu wa mwisho. Alitaka njia zote tatu ziungane ziwe moja, mtu atoke msituni ashuke mpaka baharini bila kugusa barabara ya magari. Kilichokosekana kilikuwa kipande kimoja tu, nacho ni njia ya trekta inayokatiza katikati ya Harsdown.

Baba yangu aliruhusu. Napenda hilo lisikike, maana siku hizi husimuliwa kana kwamba hakuwahi kuruhusu. Aliruhusu misimu miwili. Kisha Aprili 2016, kondoo wakiwa na watoto wachanga, likaja kundi la waendeshaji kutoka ng'ambo. Walikuwa na ramani ya Neville, lakini Neville mwenyewe hakuwepo. Walipita wakaacha lango wazi. Kondoo wakatoka, wakavuka barabara, wakafika ukingoni mwa mwamba ambako udongo haushiki. Nilikwenda na baba kuwaokota ufukweni. Sitaeleza zaidi, kwa sababu hapa kuna watoto.

Jioni hiyo baba mdogo alikuja jikoni kwetu kuomba radhi, na aliomba kwa moyo. Lakini baba alikaa kimya, na kimya kile kikamshinda. Akasema, "Kaka, jamani, ni kondoo tu."

Baba akamtazama. "Ni kondoo tu kwa aliyeondoka shambani."

Kesho yake lango likatiwa kufuli, na watu hawa wawili hawakusemezana tena miaka minane. Wakikutana dukani, mmoja aligeukia mikate. Tulijaribu sana. Mama yangu, kabla hajafariki, alijaribu kuliko sisi sote. Neville aliipitisha njia yake kwenye barabara ya magari, akiwaomba watu washuke wasukume, na kila alipofika usawa wa lango letu alitazama upande wa pili.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kulalamika tumbo na mgongo. Alipimwa, ikagundulika ni saratani ya kongosho, tayari imesambaa. Alipokea habari hizo kama alivyopokea kila kitu, akamwambia Mama mdogo kwamba kilima hiki nacho ni kidogo. Safari hii hakuna aliyecheka. Alidhoofika haraka. Wakati wa kiangazi gari la baba yangu lilionekana limesimama nje ya nyumba yao Newport, likakaa kitambo, likaondoka. Neville aliliona kupitia dirisha la chumba chake cha ghorofani. Mama mdogo akataka kutoka kumwita, naye akamzuia: "Mwache. Atapanda akiwa tayari." Baba alirudi mara mbili nyingine. Hakupanda. Neville alifariki nyumbani kwake, Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, na kaka yake hakuwepo. Hilo linaniuma, na sitalifunika kwa maneno matamu.

Aliacha ombi moja. Jeneza lake lishushwe kutoka msituni hadi hapa kanisani kwa mabega, kupitia Harsdown.

Ninyi wa ng'ambo huenda hamjui kwa nini ombi hilo lilizua balaa. Wazee wetu waliamini kwamba popote maiti inapopitishwa kwa mabega, hapo panakuwa njia ya watu wote milele, na mwenye shamba hana tena kauli. Wanasheria wanasema hakuna sheria kama hiyo. Babu mzaa babu hakuwauliza wanasheria. Aliwahi kuzuia jeneza la jirani langoni, mvua inanyesha, wenye msiba wakazunguka kwa miguu. Kwa hiyo Mama mdogo alipompigia simu baba yangu, jibu lilikuwa fupi: "Ananishindia hata akiwa amekufa." Akakata simu. Ndiyo maana kwenye karatasi yenu pameandikwa kwamba msafara utapita barabarani.

Mimi nilikuwa nimemuuliza Neville uso kwa uso, wiki mbili kabla hajafa, kama ndiyo ujanja wake wa mwisho wa kulipata lango. Mnisamehe, mimi ni Urry, siwezi kunyamaza. Hakukasirika. Alisema, "Lorna, njia siitaki tena. Mimi nataka kupita nyumbani." Jumanne hii nilimkuta baba akilisha kondoo, nikampa maneno hayo kama nilivyoyapokea. Aliendelea kumwaga chakula. Nami nikarudi ndani nikijua imeshindikana.

Leo asubuhi tulipofika juu msituni, gari la maiti likipunguza mwendo ili lishuke na barabara, baba yangu alikuwa amesimama katikati ya njia amevaa suti yake ya harusi. Nyuma yake lango halikuwa limefunguliwa. Lilikuwa limeng'olewa kwenye bawaba na kulazwa majanini. Msimamizi wa mazishi akashusha kioo. Baba akamwambia, "Mtoeni. Anapita huku." Mzee mmoja nyuma yangu akamkumbusha, kwa nia njema tu, yale ya wazee wetu kuhusu njia. Baba akasema, "Iwe."

Akaweka bega lake mbele, upande wa kulia. Ana miaka sabini na mitano na goti bovu, na vijana walimwomba mara tatu wabadilishane naye. Alikataa. Walipofika uani, mbele ya mlango wa jikoni, aliwaomba wasimame. Tulisimama sote. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili, "Umefika, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyechelewa." Kisha tukaendelea.

Marehemu ameacha mjane, Maureen. Mtoto, Martin, na mkewe Helen. Wajukuu wawili, Poppy na Finlay. Na mimi, mtoto wa kaka yake. Karatasi yenu inaishia hapo. Nilipokuwa nikiiandaa, baba aliniambia nisimwandike, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuhesabiwa miongoni mwa wafiwa. Muda mfupi uliopita, pale mlangoni mwa kanisa, ameniambia nimtaje.

Ameacha pia kaka yake, Roland.

Neville alale salama katika ardhi ya kwao.