Gauni Ndilo Lile Lile

Nesi mmoja kwenye treni alikuwa ameshafumba macho asinzie, lakini fundi cherehani wa kiti cha mbele yake hakumpa nafasi. Mama huyo alikuwa amepandwa na hasira tangu stesheni ya kwanza.

"Miaka kumi na minne mwigizaji ninayemshonea anawachekesha watu kwenye televisheni," alimwambia abiria wa pembeni yake, karani mwenye tai, "leo wanamwondoa eti amezeeka. Na yule anayeigiza mumewe, mwenye meno ya bandia, yeye ni kijana?"

"Mama, labda umesikia vibaya," karani alisema kwa upole. "Mimi kichekesho kile hakinipiti. Juzi tu nimemwona akimfukuza mumewe jikoni, tena kanawiri."

"Uliyemwona ni mwingine. Gauni ndilo lile lile. Nimelipunguza kiuno kwa mikono yangu hii, kwa uchungu hadi nikajidunga sindano."

"Na kile kidoti cha shavuni?"

"Cha wanja."

Nesi, ambaye usingizi ulikuwa umeshamruka, alijiuliza kama yeye, mtazamaji wa kichekesho hicho, alikuwa amegundua, akaona aibu kujijibu.

"Lakini mama, mbona hata mumewe hakusema kitu?"

"Aseme nini, na ameandikiwa amwite mpenzi vile vile?" Fundi alimtazama kuanzia tai hadi viatu. "Wewe umeoa?"

"Nimeoa, mama. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Treni ilisimama. Fundi alinyanyuka na kapu lake la nguo.

"Basi mwambie mkeo asimwazime mtu gauni lake."